Boriti Iumie, Ukuta Usimame

Tarehe 20 Mei 1990 ardhi ya kusini mwa Sudan, karibu na Juba, ilitikisika kwa ukubwa wa zaidi ya 7, na siku nne baadaye ikarudia. Kutoka Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hadi huko ni kilomita 200 na ushei tu. Arua, katika eneo hilohilo la West Nile, siku hizo ilikuwa mji wa matofali ya kuchoma na mabati, ghorofa zake za kuhesabika. Tangu Julai 2020 ni jiji, na jiji hukua kwenda juu. Ndiyo maana historia ya boriti ya juu ya mlango wa lifti, iliyoanzia mbali sana na Arua Hill, inatuhusu.

Jengo refu hutegemea kuta nene za zege, mara nyingi zile zinazozunguka lifti. Lakini lifti ina mlango, na mlango huukata ukuta vipande viwili. Kinachoviunganisha ni boriti fupi juu ya kila mlango, ghorofa kwa ghorofa. Jengo likiyumba, ukuta mmoja huvutwa juu na mwenzake hukandamizwa chini. Boriti ya katikati ndiyo inayobeba ugomvi wao.

Wahandisi waliliona hilo waziwazi Anchorage, Alaska, baada ya tetemeko la 27 Machi 1964 lenye ukubwa wa 9.2. Majengo mawili ya ghorofa 14 yalibaki wima, ila boriti zake zilikuwa zimepasuka kwa alama ya X, moja baada ya nyingine.

Aliyeifuatilia X hiyo ni Tom Paulay wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Zamani alikuwa afisa wa askari wa farasi wa Hungary. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia akakimbia nchi yake, akafika New Zealand mwaka 1951. Watu wa West Nile, waliokimbilia Kongo na Sudan baada ya Rais Idi Amin kuangushwa na leo ni wenyeji wa wakimbizi wa makazi ya Rhino Camp na Imvepi, hawahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo. Paulay alipendekeza nondo za boriti zilazwe mshazari na zikatane, zifuate njia ileile inayopitiwa na nguvu. Ilifaa sana. Aliyepata taabu ni fundi: mafungu mawili ya nondo nene, yaliyofungwa ringi, yapishane ndani ya boriti nyembamba, kisha yapenye katikati ya nondo za ukuta. Zege lenyewe hukosa pa kupita.

Hapo ndipo chuma kilipoingia. Miaka ya 1970 na 1980, Egor Popov wa Berkeley, California, alikuwa ameonyesha kwamba kipande kifupi cha chuma cha umbo la I, kikichomelewa vibao vya kukiimarisha, huweza kupindwa huku na huku mara nyingi bila kukatika, na kila kinapopindwa kinamaliza sehemu ya nguvu ya tetemeko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa McGill, Kanada, na wa Cincinnati, Marekani, walikijaribu kati ya kuta za zege. Kazi kubwa iko pale kisipoonekana: ncha zake zisipozikwa vya kutosha ukutani, zege humong'onyoka na chuma hucheza kama jino bovu. Baadaye kikaja kipande cha katikati kinachofungwa kwa bolti, ili kikiumia kibadilishwe na jengo liendelee kutumika.

Uganda nayo ina kumbukumbu zake. Tetemeko la Toro la 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 150. Kanuni za kitaifa za ujenzi wa kuhimili matetemeko zilitoka mwaka 2003, na Sheria ya Udhibiti wa Majengo mwaka 2013. Karatasi zipo.

Kwa maoni yangu, duka la ghorofa mbili la Arua au Koboko halina haja ya boriti za chuma. Linahitaji mkanda wa zege uzunguke kuta zote, ringi za nguzo zikaribiane, na zege limwagiliwe maji angalau wiki nzima. Saruji ya Tororo au Hima hufika huku baada ya safari ndefu, na kishawishi cha kupunguza mfuko mmoja ni kikubwa. Huo mfuko ndio unaoua.

Lakini wewe unayepanga ghorofa nane na lifti, muulize mhandisi wako kabla msingi haujamwagwa: juu ya milango ya lifti umeweka nini? Asipokuwa na mchoro wa kukuonyesha, tafuta mwingine.