Bunduki Haipakiwi

Kamati moja ya istilahi, ambayo sina haja ya kuitaja, imetumia maneno sita kuelezea bunduki ambayo baruti na risasi yake huingizwa kwa mbele: "bunduki ya kale ya kupakilia mdomoni". Nimeisoma istilahi hiyo mara nyingi nikitafuta sababu ya kuitetea. Sikuipata. Ina makosa mawili: moja ni la kitenzi, na la pili, lililo kubwa zaidi, ni la neno "kale".

Tuanze na kitenzi. Kupakia ni kazi ya mzigo. Linapakiwa lori la ndizi Tarime, unapakiwa mtumbwi Musoma, wanapakiwa ng'ombe mnadani. Kilichopakiwa hufika kiendako kikashushwa, na mwenye mali akakihesabu. Risasi haisafirishwi hivyo. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa lori na kwa bunduki, nasi tumekifuata kama kwamba Kiswahili hakijawahi kuiona bunduki kabla ya kuja kwa kamusi ya Kiingereza. Kiswahili kimeishi na bunduki karne nyingi, na tangu mwanzo kilikuwa na kitenzi chake: kushindilia. Baruti hutiwa, ikafuatwa na kizibo, kisha risasi au marisau, na vyote hushindiliwa kwa mdeki, ule ufito wa kazi hiyo, mpaka vikae sawasawa. Yeyote aliyelelewa kwenye mashamba ya pamba ya Serengeti anakijua kitenzi hiki kwa miguu yake. Ukiwa mtoto unaingizwa ndani ya gunia, unakanyaga, na pamba inazidi kumwagwa kichwani pako. Hakuna aliyewahi kusema kwamba anaipakia pamba ndani ya gunia. Gunia hushindiliwa kwanza, ndipo likapakiwa kwenye lori.

Ndiyo maana nimependekeza, na bado napendekeza, bunduki ya mshindilio. Umbo lake halina ugeni wowote. Pangilia imetupa mpangilio. Shindilia inatupa mshindilio. Muundo wa istilahi yenyewe sikuubuni mimi, niliukuta pwani. Waswahili wa karne ya 19 waliziita bunduki kwa namna zinavyowashwa au zinavyojazwa. Ile ya kuwashwa kwa utambi waliiita bunduki ya mrao, na mrao ndio huo utambi. Waarabu wa Oman waliitazama bunduki hiyohiyo wakaiita abu fatila, mwenye utambi. Ya jiwe la kutoa cheche ikawa bunduki ya gumegume. Ya kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa ikawa bunduki ya fataki, neno lililovuka bahari kutoka Uhindi likiwa na mlio wake, na ambalo vijana wa leo wanalijua kwa sherehe za mwaka mpya tu. Zilipokuja zile za kufunguliwa kwa nyuma, zenye baruti na risasi ndani ya ganda moja, zikaitwa bunduki za viasi, kwa kuwa kila ganda lina kiasi chake kilichopimwa tayari. Mrao, gumegume, fataki, viasi: huo ni mfumo kamili wa istilahi, nao ulisimama kabla hatujawa na kamati hata moja. Mshindilio unaingia humo bila kusukumwa.

Mpinzani mmoja, msomi ninayemheshimu kwa mengine, alisimama kwenye kikao akasema mshindilio unamkumbusha mashine ya kushindilia udongo wa barabara. Nilishangaa, na sijaacha kushangaa. Bunduki yenyewe ilikuwa nini? Kwa Waarabu bunduq ilikuwa kokwa, jina walilolipata kwa Wagiriki waliosema kokwa ya Ponto, nchi iliyo pwani ya Bahari Nyeusi. Kisha kokwa ikawa kijidonge cha udongo kinachorushwa kwa upinde, na mwishowe jina la kijidonge likahamia kwenye chombo chenyewe cha kurushia. Risasi ni madini tu, raṣāṣ kwa Kiarabu, hata kabla haijamuua mtu yeyote. Na mzinga? Mzinga ni nyumba ya nyuki. Mswahili aliona gogo lililochimbwa ndani, tupu, limelala ubavu na mdomo wazi, akaona na ule wa chuma umelala vivyo hivyo juu ya ukuta wa ngome, akaupa jina hilohilo, na mpaka leo mizinga inapigwa kwa heshima ya wakuu wa nchi bila mtu kuogopa kuumwa na nyuki. Neno halikataliwi kwa sababu lina kazi nyingine. Likiwa na kazi nyingine inayofanana, ndipo linapofaa zaidi.

Wengine watauliza kwa nini nisitosheke na gobore. Nalipenda neno gobore, na silifukuzi. Lakini huku kwetu Mara limebeba mambo mengi kupita nguvu zake. Gobore ni ile ya kushindilia, naam. Siku hizi gobore pia ni kila bunduki iliyotengenezwa na fundi wa kijijini, hata ikiwa inatumia risasi za kiwandani na hufunguliwa kwa nyuma. Kwa upande mwingine, ile bunduki ya mitutu miwili ya mwindaji tajiri wa London wa miaka ya 1840, yenye nakshi na mbao za thamani, inashindiliwa sawa na gobore la Robanda, wala hakuna atakayethubutu kuiita gobore. Mshindilio ndio ukoo, na gobore ni mtoto mmoja ndani yake. Neno "silaha ya kienyeji", linalopendwa na wenye haraka, ni baya zaidi ya yote. Hapa Tarime silaha ya kienyeji ni upinde, ni mshale, ni sime. Ukiandika hivyo kwenye hati, umeandika kwamba hukuangalia kilichokuwa mbele yako.

Sasa neno "kale", na hapa ndipo ninapokasirika. Mfumo wa kujaza bunduki ni jambo moja, umri wake ni jambo jingine. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inaziachia nchi zenyewe zifafanue silaha za kikale, ila inaweka mpaka mmoja: iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kuhesabiwa humo. Gobore lililofuliwa mwaka jana kwa bomba la maji ni la mshindilio, na ni jipya kabisa. Sheria hailiachi eti kwa sababu babu zetu walikuwa na linalofanana nalo. Geuza upande wa pili. Askari wa Wajerumani, wale waliokaa kwenye ngome ya Ikoma ambayo kuta zake zipo mpaka leo katika wilaya ya Serengeti, wengi wao walibeba Mauser ya mtindo wa 1871: milimita 11, risasi moja moja, baruti nyeusi yenye moshi mzito unaomfichua mpigaji. Bunduki hiyo ni kongwe kweli, lakini ni ya viasi. Kwa istilahi ya kamati, ya kwanza itaitwa ya kale hali ni mpya, na ya pili itakosa jina. Umri tuupe neno lake, kongwe, kama tulivyosema Mji Mkongwe na kila mtu akaelewa kwamba ni mzee mwenye heshima yake. Basi ziwepo bunduki kongwe ya mshindilio, bunduki kongwe ya viasi, na bunduki ya mshindilio isiyo kongwe hata kidogo.

Tofauti hii haikubuniwa na walimu wa lugha. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa mwaka kupitia pwani hii, nyingi zikiwa zimetupwa na majeshi ya Ulaya yaliyohamia kwenye viasi. Miaka miwili baadaye, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki mpya na kuacha mlango wazi kwa gumegume zenye mtutu laini usio na mifereji ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Wanadiplomasia waliotaka kutunyima silaha walijua kuzipanga kwa mfumo wake. Sisi tuliozishindilia kwa mikono yetu tunaandika "ya kale" na kufunga daftari.

Kwenye nyumba moja upande wa Nyamwaga niliwahi kuonyeshwa bunduki ya mzee mmoja. Aliitunza pamoja na kibali chake, imefungwa kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta, na mdeki wake wa asili bado ulikuwa chini ya mtutu, jambo adimu, maana mdeki ndio unaopotea kwanza. Nilimwuliza, kwa makusudi, kama ilikuwa inapakiwa mdomoni. Alinitazama kwa huruma. "Mura," akasema, yaani kijana, "hii unaishindilia. Kupakia unapakia mahindi." Maneno hayo niliyaandika kwenye barua mbili kwa kamati. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba pendekezo limepokelewa. Orodha ya istilahi zao ikachapishwa, na mshindilio haumo hata kama kisawe.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Neno lililo kwenye hati ya mashtaka ya Mugumu au Tarime linaweza kumpeleka mtu gerezani, na huku kwetu, ambako bunduki za kivita zilisambaa baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979, hakimu anahitaji kujua kilichokamatwa ni cha aina gani kabla ya kujua kilikuwa cha nani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai kibali kwa mwenye bunduki. Basi kibali hicho kiseme ni bunduki gani.

Septemba ni mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa kusalimisha silaha haramu bila kushtakiwa, kila mwaka mpaka 2030. Nawaomba askari watakaoandika stakabadhi vituoni, kuanzia Sirari mpaka Mugumu, wasisubiri kamati. Mbele yao ikiwekwa ile ndefu ya kujazwa kwa mbele, waandike: bunduki ya mshindilio, mtutu mmoja, haina namba. Kama ni kongwe, waongeze neno kongwe. Na kama mwenye nayo amekuja na mdeki wake, mdeki nao uandikwe.