Kamera ya Mlangoni Ilianza kwa Mwanamke Aliyekuwa Peke Yake Usiku



Siku hizi ukipita Fuoni, Kwarara au Chukwani, nyanyua macho juu ya mageti. Utaona kidude cheupe, kidogo kama kikombe cha kahawa, kimekutolea jicho. Ni kamera. Ananunua baba wa nyumba, anafunga fundi wa umeme, na sisi tunaoshinda ndani tunaonyeshwa tu kwenye simu: bonyeza hapa, tazama hapa. Kwa hivyo wengi wetu tunalichukulia kuwa ni jambo la wanaume. Leo tulisimulie kwa kuanzia kwa aliyelibuni, naye ni mwanamke aliyekuwa akibaki peke yake nyumbani usiku, mlango ukigongwa hajui nani yuko nje.

Jina lake ni Marie Van Brittan Brown, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1922 huko Queens, New York, katika mtaa uitwao Jamaica (kile kisiwa ni kingine). Alikuwa muuguzi. Mumewe, Albert Brown, alikuwa fundi wa vyombo vya elektroniki. Kazi zao zilikuwa za saa zisizolingana, mara nyingi mmoja yumo ndani na mwenzake yuko kazini. Mtaani kwao uhalifu ulikuwa umezidi, na polisi wakipigiwa simu hawaji haraka. Basi mlango ukigongwa usiku Marie alikuwa na njia mbili tu: asogee mpaka mlangoni achungulie kwenye tundu, au ajikalie kimya aombe Mungu aliyeko nje aende zake. Kila aliyewahi kulala na watoto tu, mume yuko safari au yuko zamu, anaijua hali hiyo bila ya kuelezwa.

Tarehe 1 Agosti 1966 mke na mume walipeleka ombi la hataza, yaani hati ya serikali ya kumlinda mbunifu. Walipewa tarehe 2 Desemba 1969, namba 3,482,037, na jina la Marie ndilo lililotangulia.

Tukiusoma mpango wao leo tunaona akili ya mtu aliyelifikiria jambo akiwa kitandani. Mlango ulitobolewa matundu manne, moja juu ya jingine: la juu kwa mtu mrefu, la chini kabisa kwa mtoto. Nyuma ya matundu hayo kamera ilipanda na kushuka kwa mota, ikisimama kwenye tundu alilolitaka mwenye nyumba. Picha ilisafiri kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye televisheni, na televisheni hiyo iliweza kukaa chumba cha kulala. Palikuwa na kipaza sauti cha kumuuliza mgeni shida yake, kitufe cha kufungua kitasa kwa mbali, na kitufe kingine cha kuita msaada wa haraka. Mwaka 1966 jamani! Hizo simu tunazojivunia leo zinafanya yale yale.

Kamera za kutazamia mbali zilikuwapo kabla yake. Wajerumani walizitumia Peenemünde mwaka 1942 kuangalia makombora yao yakirushwa bila ya kuyasogelea. Lakini hizo zilikuwa za vita. Marie ndiye aliyeileta kamera kwenye mlango wa nyumba, ikatazama nje.

Hilo la kutazama nje ndilo lililotufanya tuiandike historia hii, kwa sababu bibi zetu wa Mji Mkongwe wangelielewa mara moja. Nyumba zao zilijengwa kwa hesabu hiyo hiyo. Mgeni aliishia barazani au kwenye daka, na hata mlango ukiwa wazi macho yake hayakufika uani. Mwanamke aliyeko ghorofani alimwona mpiga hodi kwa dirishani, nusu ya ubao imefunguliwa, yeye mwenyewe haonekani. Muuza samaki akiteremshiwa kikapu kwa kamba. Baina ya nyumba na nyumba palijengwa wikio, kile kidaraja cha juu ya kichochoro, wanawake wakapita kwa jamaa zao bila ya kushuka njiani. Hata majumba ya kifalme pale Forodhani, Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 na jirani zake, yaliunganishwa kwa vipito vya juu kwa ajili ya wanawake wa kasri. Wa ndani anaona nje, wa nje haoni ndani.

Na kabla ya bibi zetu, dini ilishasema. Suratun-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za watu mpaka tutake ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Aya ya 58 inaendelea mpaka ndani ya familia: hata watoto wabishe hodi nyakati tatu, kabla ya alfajiri, mchana watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya isha. Katika Bukhari imo habari ya mtu aliyechungulia kwa tundu chumbani kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, naye akijikuna kichwa kwa kitana cha chuma. Mtume alimkemea kwa ukali mkubwa, na akabainisha kuwa ruhusa imewekwa kwa sababu ya jicho. Abu Daud naye amepokea kwamba Mtume akifika kwenye nyumba ya watu hakuwa akisimama kuuelekea mlango. Alisimama upande, kulia au kushoto, kwa kuwa milango ya zama hizo haikuwa na mapazia.

Sasa turudi kwa kamera, maana baada ya Marie ilifika mahali ikageuka. Mwaka 1991 wataalamu wa chuo kikuu cha Cambridge waliielekeza moja kwenye birika la kahawa, wajue bila ya kunyanyuka kama imebaki, na mwaka 1993 picha hiyo ikaingizwa kwenye intaneti. Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Sweden ikauza kamera inayojiunga yenyewe na mtandao. Kuanzia hapo picha ya nyumba yako haikulazimika tena kubaki ndani ya nyumba yako. Inaweza kwenda kwenye kompyuta za kampuni, nchi nyingine, ndipo ikurudie simuni. Mei 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki Ring, watengenezaji wa kengele za mlangoni zenye kamera. Miongoni mwa madai ni kwamba mfanyakazi mmoja, mwaka 2017, alitazama maelfu ya video za wateja wanawake, zilizotoka kwenye kamera za vyumbani na bafuni. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8 kumaliza shauri. Chombo alichokibuni mwanamke ili amwone mwanamume aliyeko nje, kikawa tundu la mwanamume kumwona mwanamke aliyeko ndani.

Tungeyaona hayo ni ya Marekani kama yasingetufika. Mwaka juzi tulifunga kamera mbili, moja getini na moja ukumbini, kwa kuwa watoto walikuwa wakishinda na dada wa kazi. Fundi alikuja, akamaliza kwa saa moja, akatuonyesha picha, tukamlipa. Wiki tatu baadaye akapiga simu kwa wema kabisa: "Mama, ile ya ukumbini imegeuka, inatazama ukuta." Tukamshukuru. Simu ilipokwisha kukatika ndipo tulipotazamana. Amejuaje?

Akaunti alikuwa ameifungua kwa barua pepe yake. Sisi ndio tuliokuwa wageni waalikwa kwenye nyumba yetu. Na aliyeigeuza kamera ukutani alikuwa yule dada wa kazi. Ukumbini ndipo anaposali na ndipo anapojinyoosha adhuhuri bila ya mtandio. Aliona haya kutwambia, na hatukuwa tumemuuliza. Aya ya 58 tumeihifadhi tangu chuoni, na jicho tulilitundika wenyewe, saa zote tatu na zaidi. Tulimwomba radhi.

Kamera ya ukumbini tukaitoa. Ya getini tuliifuta kwa kubonyeza kile kitundu cha nyuma kwa pini mpaka taa ikabadilika, tukaianza upya kwa barua pepe yetu, nywila ndefu isiyo jina la mtoto, na uthibitisho wa hatua mbili. Kwenye programu pana orodha ya watu wanaoshirikishwa picha. Ifungueni leo msome majina. Tuliigeuza kidogo pia, kwani ilikuwa ikipata dirisha la jirani. Rikodi tunaiweka kwenye kadi iliyomo ndani ya kamera, inajifuta yenyewe ikijaa. Kadi ikiibiwa pamoja na kamera ndiyo basi, tumelikubali hilo. Kamera nyingi za bei ya kawaida hushika Wi-Fi ya 2.4 tu, hivyo ikikataa kuunganika anzieni hapo kabla ya kumwita fundi. Wenye nyumba za mawe na chokaa, sogezeni ruta karibu na mlango, kuta zile zinameza mawimbi. Na umeme ukikatika ruta inazimika nayo, hata kama kamera ina betri.

Limebaki moja hatujalipatia ufumbuzi. Imefungwa juu sana, na mtoto wa jirani akija kununua barafu tunaona utosi tu. Marie alimtobolea tundu lake. Sisi tunauliza kwa sauti, "Nani wewe?", akijibu ndipo tunafungua.