Uigaji Shirikishi na Lugha ya Darasa: Mazingatio ya Kihistoria kutoka Rusizi II

Kituo cha Rusizi II kilianza kufua umeme mwaka 1989, chini ya SINELAC, shirika la pamoja la Burundi, Rwanda na Zaire. Maji yatokayo Ziwa Kivu huzungusha mtambo, na mzunguko huo wa sumaku na koili huzalisha umeme. Mchakato huohuo huigwa na programu ya jenereta ya mradi wa PhET, ulioasisiwa na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder mwaka 2002. Mwanafunzi hufungua bomba kwenye skrini, gurudumu likazunguka na balbu ikawaka. Akipunguza mizunguko ya waya, mwanga hufifia. Kinachomshirikisha si picha. Ni uhuru wa kubashiri na kukosea bila kuharibu kifaa. (Kwamba umeme wa Rusizi ni mali ya nchi tatu, programu haisemi, hiyo ni kazi ya mwalimu wa historia.)

Zana za aina hii ziliikuta Rwanda katika mageuzi mazito. Mwaka 2008 Serikali iliamua Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa katika ufundishaji. Mtaala unaozingatia umahiri ulianza kutumika mwaka 2016, na mwaka uliofuata Bunge likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Mtaala huo unamtaka mwanafunzi abashiri, ajaribu na kueleza. Lakini huwezi kubashiri kwa maneno usiyonayo. Mtoto wa Cyangugu huzungumza Kinyarwanda nyumbani na husikia Kiswahili cha wafanyabiashara wa Bukavu. Mbele ya skrini ya Kiingereza, hubofya na kunyamaza. Kwa maoni yangu, ukimya huo hauponywi kwa kuongeza kompyuta.

PhET ina matoleo ya Kiswahili, na mengi hutumika bila intaneti baada ya kupakuliwa. Hata hivyo, tafsiri hizo hufanywa na watu wa kujitolea. Mmoja akiandika “uga wa sumaku” na mwingine “eneo la sumaku”, istilahi za fizikia zitakuwa zimeamuliwa bila mjadala wowote. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingefaa kuzipitia tafsiri hizo. Wizara nazo ziruhusu hatua ya kubashiri ifanyike kwa lugha anayoimudu mwanafunzi, na Kiingereza kitumike wakati wa kuandika ripoti ya jaribio.