Kowak, Butiama na historia ya picha za chapa

Mwaka 1948 masista wa shirika la Maryknoll kutoka Marekani walifika Kowak, katika wilaya ambayo leo tunaiita Rorya. Ndiyo ilikuwa nyumba yao ya kwanza katika bara zima la Afrika. Mapadre wa shirika hilo walikuwa wamewatangulia Musoma kwa miaka miwili. Mwaka 1972 sista mmoja wa Maryknoll, Jean Pruitt, aliwakusanya vijana wachache jijini Dar es Salaam na kuanzisha Nyumba ya Sanaa. Miaka kumi na moja baadaye jengo lake jipya lilifunguliwa na mtoto wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere. Kwa hiyo anayetaka kujua picha za chapa zilipataje makao Tanzania asianzie Dar es Salaam. Aanzie huku kwetu Mara, kando ya Ziwa Victoria.

Picha ya chapa haichorwi moja kwa moja kwenye karatasi. Msanii huchukua ubao, akauchora kwa penseli, kisha akachonga kwa patasi na kuondoa sehemu zote ambazo hataki zionekane. Kinachobaki kimeinuka ndicho hupakwa wino kwa rola. Karatasi hulazwa juu yake na kusuguliwa kwa nyuma, na mgongo wa kijiko au wa mwiko unatosha kabisa, mpaka wino uhamie kwenye karatasi. Picha hutoka kinyume: mkono wa kulia huwa wa kushoto, na maandishi yasipochongwa kinyumenyume hayasomeki. Fundi mihuri wa mtaani, yule mwenye kimeza na kiwembe chake karibu na ofisi za serikali, anaijua sana kazi hiyo. Kila siku anakata herufi za kinyume kwenye mpira, na hakosei.

Ubao mmoja hutoa nakala nyingi, na kila nakala ni kazi halisi ya msanii. Kwa desturi huandikwa kwa penseli pembeni: 3/20 maana yake ni nakala ya tatu kati ya 20. Hapo ndipo sanaa hii inapoachana na picha ya rangi ya mafuta iliyo moja tu duniani. Mwenye nakala 20 anaweza kuuza 10, akabadilishana 5 na wenzake, moja akamwachia aliyemfundisha, na bado akabaki na za kupeleka kwenye maonyesho. Tangu mwanzo kazi hii ilikuwa ya kugawana.

Vifaa vyake navyo vinalazimisha ushirika. Wino mzuri wa mafuta, karatasi nzito isiyochanika ikilowa na patasi ndogo za chuma kigumu kwa kawaida huagizwa kutoka mbali. Kwa chapa ya asidi, ambayo huchorwa kwenye bati la shaba au zinki badala ya ubao, inahitajika mashine yenye silinda mbili nzito za chuma. Kijana aliyemaliza shule juzi hawezi kuinunua. Lakini vijana ishirini wenye chumba kimoja wanaweza kuitumia kwa zamu, na wakiwa kwenye zamu hawaachi kutazamana kazi.

Ndiyo maana naona historia ya picha za chapa imekuwa ikisimuliwa vibaya. Tunatajiwa majina mawili matatu makubwa, basi. Mimi naiona kuwa historia ya vyumba. Kule Japani, picha maarufu za karne ya 18 na 19 hazikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchoraji alichora, mchongaji akachonga, mchapaji akachapa, na mchapishaji ndiye aliyegharimia yote. Mwaka 1931 mwandishi Lu Xun aliandaa darasa la siku sita huko Shanghai kwa wanafunzi 13. Mwalimu alikuwa Mjapani, Uchiyama Kakichi, na Lu Xun mwenyewe ndiye aliyekuwa mkalimani. Darasa hilo dogo lilizaa harakati kubwa ya chapa za mbao nchini China. Huko Rorke's Drift, Natal, Walutheri kutoka Sweden walianzisha kituo cha sanaa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na humo wakakaa watu kama Azaria Mbatha na baadaye John Muafangejo wa Namibia, wakisimulia Biblia na maisha yao kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Popote unapokuta jina kubwa la mchapaji, tafuta chumba alichotokea.

Chumba cha kwanza cha kwetu Afrika Mashariki kilikuwa baraza la nyumba. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1930, na darasa lake la mwanzo lilikaa barazani kwake. Kijana Julius Nyerere alisoma chuoni hapo kuanzia 1943 hadi 1945, akitafuta stashahada ya ualimu. Katika miaka hiyohiyo ya 1940 Sam Ntiro, kijana wa Kilimanjaro, alikuwa akisoma uchoraji kwa Trowell. Baadaye Ntiro alifundisha hapohapo, na nchi ilipopata uhuru akawa balozi wetu wa kwanza London. Mtu wa Musoma wa zama zile hakuiona Kampala kuwa ugenini. Ziwa lilikuwa barabara, na meli zilikuwa zikizunguka kati ya bandari za Tanganyika, Uganda na Kenya.

Shule ile ya Makerere baadaye ililea wachapaji pia. Aliye maarufu zaidi leo ni Fred Mutebi, ambaye chapa zake za mbao zina rangi nyingi sana. Njia yake inahitaji moyo. Hutumia ubao mmoja tu. Huchonga kidogo, akachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote. Huchonga tena ubao uleule, akachapa rangi ya pili juu ya ile ya kwanza, na kuendelea hivyo mpaka ubao unakaribia kwisha. Hakuna kurudi nyuma. Akikosea kwenye rangi ya tano, karatasi zote zimeharibika, na ubao wa kuanzia upya haupo tena. Akimaliza vizuri, nakala alizochapa ndizo hizo hizo maisha yote, kwa kuwa mama yao ameshaliwa na patasi.

Turudi Dar es Salaam. Nyumba ya Sanaa ya Sista Pruitt ilikuwa na uchongaji, batiki, ufumaji, ufinyanzi na chapa za asidi, vyote chini ya paa moja. Mwaka 1974 aliingia humo Mmakonde mmoja kutoka upande wa Masasi, George Lilanga, aliyezaliwa 1934. Ndugu yake, Augustino Malaba, alikuwa tayari akifanya kazi pale, na Lilanga alianza kwa kazi ya ulinzi wa usiku. Alikuwa mchonga vinyago. Kwenye Nyumba ya Sanaa akakuta bati, asidi na mashine, na mkono uliozoea kuyatoa mashetani kwenye mpingo ukaanza kuyachora kwenye shaba: viumbe wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotuna, wakicheza, wakigombana, wakipikiana chakula. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Alipofariki mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Kitanzania wanaojulikana zaidi duniani. Robino Ntila, aliyekuwa Nyumba ya Sanaa pia, naye alijenga jina lake kwa chapa za asidi.

Tazama kazi yenyewe ilivyokuwa. Bati la shaba hupakwa nta nyembamba. Msanii huchora kwa sindano, akiikwangua nta ili shaba ionekane. Bati hutumbukizwa kwenye asidi, na asidi hula pale tu sindano ilipopita. Nta ikishafutwa, wino hupakwa bati zima kisha hupanguswa kwa kitambaa, ukabaki ndani ya mifereji ile myembamba. Karatasi iliyolowekwa maji huwekwa juu, kitambaa kizito kikafunika, na silinda zikapita kwa nguvu. Mmoja husukuma gurudumu, mwingine huishika karatasi kwa vidole visafi asiitie doa. Asidi ikichoka lazima mtu aliyezoea aseme, kwa sababu vitabu havimwambii mgeni inavyofanya kazi kwenye joto la Dar es Salaam. Ujuzi wa namna hiyo hukaa kwenye mazungumzo ya watu wanaofanya kazi meza moja. Lilanga alikuwa na kipaji kikubwa, hilo halina ubishi, lakini alikuta meza.

Na meza hiyo ililindwa. Uhusiano wa Mwalimu na watu wa Maryknoll ulikuwa wa zamani kuliko urais wake. Mwaka 1955, baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu kwa sababu ya siasa, alirudi nyumbani Butiama, na kwa miezi kadhaa akamfundisha Kizanaki Padre Arthur Wille wa Maryknoll na kumsaidia kutafsiri maandiko ya dini. Mwaka 1962 alipoanzisha wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisema wazi kwamba nchi isiyo na utamaduni wake haina roho. Oktoba 1970 alikwenda New York kuzungumza na masista hao wenyewe kuhusu wajibu wa kanisa katika jamii yenye umaskini. Kwa hiyo alipofungua jengo la Nyumba ya Sanaa mwaka 1983, katikati ya miaka ya foleni za sukari na sabuni, hakuwa mgeni rasmi wa kukata utepe tu. Baadaye jengo hilo lilichukua jina lake. Mafundi wale hawapo tena pale, na mimi nalihesabu jambo hilo kuwa hasara ya taifa, kwa sababu chumba kikivunjika ujuzi hutawanyika.

Nairobi walipitia hayo na wakapata njia. Kuona Trust ilianzishwa mwaka 1995 kwenye viwanja vya makumbusho ya taifa, ikahama zaidi ya mara moja, na humo wakapita wachapaji kama John Silver Kimani, Peterson Kamwathi, aliyechonga fahali wake wakubwa kwenye ubao, na Dennis Muraguri, ambaye matatu za Nairobi zimejaa kwenye chapa zake. Taasisi ilipoporomoka, wasanii wenyewe walikaa chini wakaendelea na studio zao kama ushirika. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space, iliyofunguliwa Mikocheni mwaka 2008, na Lutengano Mwakisopile, maarufu kwa jina la Lute, ni mmoja wa Watanzania waliojikita kwenye chapa za mbao.

Mkoa wa Mara je? Chapa ya ubao ipo, ila imevaa nguo. Kanga zenyewe, mwishoni mwa karne ya 19, zilianza kwa kupigwa chapa kwa vibao vya mbao kabla ya viwanda vya ng'ambo kuichukua kazi. Sisi tulilima pamba Bunda, na Musoma ilipata kiwanda chake cha nguo, MUTEX, ambacho wazee wa mjini hukitaja kwa uchungu kila wanapozungumzia ajira. Kiwanda kilisimama. Vibao havikusimama. Katika vikundi vya akina mama wanaotengeneza batiki, Musoma na Bunda kama ilivyo nchi nzima, kazi bado inaanza kwa kibao chenye mshikio, au kipande cha sponji ya godoro kilichokatwa maua na kugundishwa kwenye mbao. Nta ya mishumaa huyeyushwa kwenye jiko la mkaa. Kibao huchovywa, hukung'utwa kidogo, kisha hugongwa kwenye kitambaa cheupe kwa mpigo mmoja. Ukichelewa nta inaganda kabla haijapenya, ukiharakisha inadondoka na kuharibu mstari. Kitambaa huingia kwenye rangi iliyochanganywa na kostiki soda na haidrosalfaiti, na palipo na nta rangi haiingii.

Vibao hivyo vinaazimwa. Kikundi kimoja kina ua la korosho, kingine kina samaki, na kabla ya sikukuu vinahama nyumba kwa nyumba. Vipimo vya rangi huandikwa kwenye daftari moja, na mwenye kujua kukadiria kostiki bila kuunguza kitambaa huitwa hata usiku. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, limekuwa likifundisha kazi hii mikoani kwa miaka mingi, na wengi waliofundishwa wamewafundisha wengine bila kudai ada.

Watu hao tayari wanajua nusu ya kazi ya chapa ya karatasi, na pengine ile nusu iliyo ngumu zaidi: kufikiri kinyume, na kuacha wazi pale unapotaka pasipate rangi. Kilichobaki si kikubwa. Patasi zipo kwa mafundi seremala. Mabaki ya plaiwudi yapo kwenye karakana zilezile. Chapa ya ubao haihitaji mashine, kijiko kinatosha, na walimu wa sanaa waliosoma Butimba, Mwanza, wapo kwenye shule zetu wakisubiri vifaa. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, yanapokea wanafunzi kwa mabasi. Wanatembezwa, wanaona vitu vyake, wanapiga picha, wanaondoka. Ningependa wakute meza ndefu uani, vibao kumi vilivyochongwa na akina mama wa batiki, wino na karatasi, na kila mtoto aondoke na nakala aliyoichapa mwenyewe, ameiandika namba kwa penseli, na nyingine ameibadilisha na mwenzake ndani ya basi.