Félida wa Bordeaux: fundi wa kushona aliyeishi maisha mawili



Kwenye filamu, mtu mwenye nafsi zaidi ya moja hugeuka kwa kishindo: sauti nyengine, macho mekundu, watu wanakimbia. Leo nakuleteeni kisa cha kweli cha mwanamke mwenzetu aliyekuwa akigeuka kimya kimya, sindano mkononi. Kinatufundisha nini kinachomgeuza mtu wa namna hii, na kwa nini ulimi wa aliye karibu naye una uzito mkubwa.

Félida alizaliwa mwaka 1843 katika mji wa bandari wa Bordeaux, Ufaransa. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara, akafariki binti bado mdogo. Mama akahangaika na riziki, na Félida naye akaingia kazini mapema, akishona. Alipofika miaka 13 hivi maradhi yakaanza. Mwaka 1858 akaitwa daktari Eugène Azam, kwani nyumbani walidhani binti amerukwa na akili. Daktari ndiye aliyeandika kisa chake, na jina la ukoo akalificha, akaweka herufi X tu.

Kwa kawaida Félida alikuwa mtu wa huzuni, mchache wa maneno, mwenye bidii ya kazi na maumivu yasiyokwisha. Lakini karibu kila siku, amekaa na nguo mapajani, maumivu ya kichwa humzidi pande mbili za paji, kichwa kikaanguka kifuani, mikono ikalegea. Baada ya dakika mbili tatu huamka mtu mwengine: anatabasamu, anasalimia wageni, anaendelea na mshono ule ule huku akiimba. Maumivu hana. Baadaye husinzia tena na kurudi kwenye huzuni yake. Ukimwambia aimbe ule wimbo, haujui. Ukimuuliza mgeni aliyetoka sasa hivi, atasema hakuona mtu.

Na hapa pana jambo la ajabu. Félida mchangamfu alikumbuka maisha yote mawili. Félida wa huzuni alikumbuka lake moja tu.

Sasa tazameni balaa. Katika hali ya uchangamfu alipata mimba ya kijana aliyekuwa mchumba wake, na jirani mmoja akamwambia siri hiyo. Katika hali ya huzuni hakuwa na habari, akawa analalamika tu kuwa tumbo linavimba. Yule jirani akaona ni maigizo, akamkumbusha waziwazi bila ya huruma. Binti akapata mshituko, mwili mzima ukakamaa na kutikisika, na daktari akakaa naye saa mbili tatu kumtuliza. Baadaye yule kijana akamuoa.

Miaka ikapita. Azam alipomkuta tena, kiasi cha 1875, Félida alikuwa mama wa watoto na mwenye duka la vyakula. Wakati huo uchangamfu ndio uliotawala maisha yake, na huzuni ilirudi kwa vipindi vifupi. Lakini vipindi hivyo vilimtisha, kwani alikuwa hajui chochote kilichopita. Siku moja akirudi mazikoni ndani ya gari la farasi, alihisi hali inakuja, akasinzia sekunde chache, wenzake wasione. Alipozinduka hakujua nani amekufa wala kwa nini yumo garini. Akanyamaza, akauliza maswali ya ujanja moja moja, mpaka akaelewa. Hakuna aliyemgundua.

Je, huyo ni mwigizaji? Mwigizaji hutaka kutazamwa. Félida alitumia umri wake kujificha.

Azam aliandika kuwa mageuko yale yalikuja ama bila sababu inayojulikana, au kwa sababu ya hisia nzito. Mwaka 1876 alipochapisha kisa hicho, wataalamu wa Ulaya walikijadili sana. Siku hizi madaktari wanajua zaidi. Wengi wenye maradhi haya waliumizwa sana utotoni, na nafsi ikajigawa ili iweze kubeba. Kinachoamsha mageuko mara nyingi ni kitu kinachogusa jeraha lile: harufu, sauti, chumba, tarehe, namna ya kuguswa, ugomvi, hata uchovu. Hali inaweza kuzidi mtoto wake anapofikia umri ule aliokuwa nao yeye alipoumizwa, au aliyemuumiza anapougua au kufa.

Hapa kwetu neno la kwanza ni "ana shetani". Kuwepo kwa majini ni katika imani yetu, sibishani nalo. Hata kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha mwaka 2013 kinakubali kuwa katika baadhi ya jamii maradhi haya huonekana kama mtu aliyepandwa. Lakini kusomewa Qur-an hakumzuii mtu kumuona daktari. Hakuna kidonge maalumu cha kuunganisha nafsi. Tiba yake kubwa ni mazungumzo ya muda mrefu na mtaalamu, mahali penye amani.

Bi harusi mtarajiwa, ikiwa kuna saa za maisha yako huzikumbuki, au unakuta nguo ulizonunua na barua ulizoandika usizozijua, sema kwa mtu mwenye amana kabla ya harusi. Harusi ni furaha, lakini pia ni chumba kipya, harufu mpya, mkono mpya. Na wewe somo, mama, wifi, ukiambiwa siri kama hiyo, usiwe kama jirani wa Félida. Usimwambie "unajifanya". Muulize yuko salama au la, kaa naye, na umsindikize kwa daktari.

Allah azisitiri nafsi zetu. Aamin.