Mkono Nilionyang'anywa

Nilizaliwa nikitumia mkono wa kushoto, jambo ambalo marehemu bibi yangu hakulikubali. Kila nilipoutia sahanini aliupiga kofi, akisema mkono wa kulia uliitwa hivyo kwa sababu ndio wa kulia chakula. Basi nikauacha, hata kuandika nikaandika kwa kulia.

Miaka mingi baadaye nilijiunga na klabu ya kulenga shabaha, nikaenda kununua bastola yangu ya kwanza, ile ya upepo ya mashindano ya mita 10. Kanuni nilizijua: isizidi kilo moja na nusu, na kifyatulio chake kisiachie kwa uzito ulio chini ya gramu 500. Nikapenda moja yenye mtutu wa kung'aa. Mpini wake wa mbao ulichongwa kufuata kiganja cha kulia.

Mwalimu wangu alinizuia kulipa. Alinitaka nikilenge kidole chake kwa macho yote mawili, kisha nifumbe moja moja. Jicho langu lenye kulenga likawa la kushoto.

"Na mkono je?" akaniuliza. Nikaona haya kujibu.

Ndipo aliponisimulia habari za Károly Takács, sajini wa jeshi la Hungaria. Mwaka 1936 alikosa kwenda Michezo ya Olimpiki ya Berlin, kwa kuwa nchi yake ilichagua maofisa tu. Mwaka 1938 guruneti lilimlipukia, likauharibu mkono wa kulia aliolengea. Hakuiacha bastola, bali alijizoeza kwa kushoto kimyakimya, na mwaka 1939 akawa bingwa wa nchi yake. Vita vikazuia Olimpiki za 1940 na 1944. Mwaka 1948 mjini London, akiwa na umri wa miaka 38, alitwaa dhahabu ya mita 25 kwa pointi 580, rekodi ya dunia. Mwaka 1952 mjini Helsinki akaitwaa tena.

Usiku ule nilifikiri sana. Takács alinyang'anywa mkono na guruneti. Mimi wangu niliunyang'anywa kwa mapenzi, maana bibi hakutaka nije nichekwe mbele za watu.

Nilingoja miezi kadhaa hadi mpini wa kushoto ulipopatikana. Nilipoushika, kiganja kilikaa kama kilichorudi kwao. Tangu hapo humwambia kila anayeanza: ujue mkono wako na jicho lako kwanza, ndipo uchague bastola.

Chakula, hata hivyo, bado nakula kwa mkono wa kulia.