Umri wa Divai: Shiraz, Tembo na Msamiati wa Kuonja katika Ufuko wa Kalemie

Swali la jinsi kitu kigeni kinavyopata jina katika Kiswahili limekwisha kujadiliwa sana. Lile la jinsi kinavyopata sifa limejadiliwa kidogo. Makala haya yanalichunguza swali hili la pili kwa mfano wa divai nyekundu nzito iitwayo Shiraz, na kwa kuutazama mji wa Kalemie, katika ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Hoja yake ni kwamba lugha ya kueleza umri wa kinywaji ilikuwapo kabla chupa ya kwanza haijafika, ila umri wenyewe ulihesabiwa kwa saa, si kwa miaka.

Kipimo hicho cha saa kilitokana na tembo la mchikichi. Utomvu unapogemwa huwa mtamu. Chachu huanza kuufanyia kazi papo hapo, na kufikia jioni tembo limekuwa kali. Baada ya siku moja au mbili limechachuka, likaelekea kuwa siki. Kwa hiyo maneno tamu, kali na chachu, yanapotumika kwa tembo, si sifa tupu bali ni hatua za maisha yake. Anayesema kuwa tembo ni tamu amekwisha kueleza pia kwamba halina muda tangu ligemwe.

Divai ya zabibu ilifika ziwani kwa njia nyingine. Mapadre Weupe wa kwanza waliondoka Bagamoyo Juni 1878 wakawasili Ujiji Januari 1879. Mwaka 1885 walikabidhiwa Mpala, kusini ya Kalemie ya leo, kituo kilichoanzishwa na Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Sheria ya Kanisa hudai kwamba divai ya misa iwe ya zabibu halisi na isiwe imeharibika. Iliyogeuka siki haifai. Kwa padre aliyetegemea mizigo iliyobebwa vichwani kwa miezi mingi juani, umri wa divai haukuwa fahari bali tishio. Ndiyo sababu mojawapo ya Roma kuruhusu, mwishoni mwa karne ya 19, kileo kidogo kilichotokana na zabibu kiongezwe katika divai ili isiharibike. Yumkini basi divai ya mwanzo ya ufuko huu haikuonjwa ili isifiwe. Ilionjwa ili ijulikane kama bado ni divai. Safari hiyo ilifupishwa na reli: ile ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na ile ya Kabalo ikafika Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa, mwaka 1915.

Shiraz nzuri huenda kinyume cha tembo. Ikiwa changa, rangi yake ni ya zambarau iliyokoza, hujaza kinywa kwa uzito, na huacha ukakasi ulimini kama ule wa ndizi mbichi. Ukakasi huo unatokana na tanini za maganda na kokwa za zabibu. Harufu yake ni ya matunda meusi na pilipili manga. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kwamba kiini cha harufu hiyo, rotundoni, ndicho kilichomo pia katika pilipili manga yenyewe. Ikihifadhiwa mahali penye baridi na giza kwa miaka kumi au zaidi, tanini huungana, nyingine zikatuama chini kama mashapo. Ukakasi hulainika, kingo za rangi hugeuka kuwa za tofali, na matunda mabichi huacha nafasi kwa harufu za ngozi, tumbaku na matunda makavu. Si kila Shiraz hustahimili safari hiyo. Iliyo nyepesi hufifia mapema, na hata iliyo bora huwa na kilele chake, kisha hushuka.

Jina lake nalo linahitaji tahadhari. Kiswahili kilifika ziwani kwa misafara ya pwani, na pwani ndiko yaliko masimulizi ya Washirazi waliotoka Uajemi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba baadhi ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani hiyo walikuwa kweli na nasaba ya Kiajemi, hasa upande wa baba. Mzabibu ulipochunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulitoa jibu tofauti: wazazi wake, Dureza na Mondeuse Blanche, ni wa kusini-mashariki ya Ufaransa, ambako zao lao huitwa Syrah. Umebeba jina la Shiraz pasipo nasaba yake. Leo zabibu hiyo hulimwa hata Dodoma, kando ya reli ile ile iendayo Kigoma.

Kwa muhtasari, majina ya kinywaji hiki yalikopwa: mvinyo kwa Wareno, divai kwa Wafaransa, waini kwa Waingereza. Lakini ukakasi, ukali, uchachu, uchanga na kupevuka havikuhitaji kukopwa. Mgema na mnywaji wa tembo walikuwa navyo. Anayetaka kuifundisha Shiraz kwa Kiswahili hana haja ya kuunda istilahi mpya kwanza. Aanze kwa kumsikiliza mgema akilitaja tembo la asubuhi na la jioni, kisha aibadili saa iwe mwaka.